Sindano ya Kusahau

Siku hizi kila mwanamke akishajifungua huchomwa sindano ya kusahau yote yaliyompata leba. Nami nilichomwa, nikawa nawaambia wageni kwamba kuzaa ni jambo jepesi.

Mama alipokuwa akinikanda kwa maji ya moto, mkono wake ulisita pajani pangu.

"Mwajabu, nani amekupiga?"

Nikatazama. Alama za vidole zilikuwa zimevilia damu.

"Sijui, mama. Labda sikusukuma vizuri."

Alikamua kitambaa polepole.

"Mimi nilipigwa nilipokuzaa wewe. Hadi leo nikikutana na yule nesi sokoni, simwamkii."

Jioni walikuja manesi wawili wa hospitali ileile niliyojifungulia kumpima mtoto. Mama alibaki chumbani. Mimi niliwaamkia wote wawili, nikawamiminia chai.