Upande Wenye Joto

Siku hizi nyumba zote za Makete zina joto moja, lile lililopangwa na Baraza, na kujichagulia jingine ni kosa. Lakini Tweve alimwekea chatu wake taa upande mmoja wa sanduku, upande wa pili akauacha na baridi yake.

"Nyoka asipochagua mwenyewe pa kulala, hufa," alimwambia mkaguzi wa Baraza aliyekuja kupima joto.

"Na afe, kaka. Wenye mikia hawalindwi na sheria," mkaguzi akajibu, akaing'oa taa.

Tweve akamtoa chatu, akajizungushia kifuani, ndani ya shati.

"Haya, ing'oe na damu yangu!"

Mkaguzi akamwekea kiganja kifuani, akalipima lile joto taratibu.

"Huko bado hatujafika," akasema kwa upole.