Lotomau Ananoa Panga

Panga lilikuwa limeshapata makali, lakini Lotomau aliendelea kulinoa. Kila liliposugua jiwe, mkewe Fetuao alishtuka huko ndani.

Kijiji kizima kilijua sababu. Kwenye mechi ya kriketi vijana wa koo mbili walibishana kama mpira umedakwa au umegusa chini. Gongo likainuliwa, kichwa kikapasuka. Kijana akafa palepale, macho wazi. Tangu siku hiyo shati la Semisi, mwana pekee wa Lotomau, lilining'inia nyuma ya mlango, damu imelikaukia. Fetuao alishindwa kulifua, akashindwa kulichoma.

Halafu jana vijana wa mzee Mulitalo, mkuu wa ukoo ule mwingine, wakaja kuipiga nyumba mawe. Jiwe moja lilimchana Vaipuna, mdogo wake Lotomau, juu ya jicho.

"Kaka, utalinoa mpaka liishe?" Vaipuna alifoka, gongo mkononi, kitambaa cha damu kichwani. "Sema neno moja tu niwakusanye vijana. Tukawachinje kama nguruwe!"

"Kaa chini unywe kakao."

"Kakao? Wewe unayekula umesimama kama farasi, leo unaniambia mimi nikae?"

Ni kweli, Lotomau alikuwa mtu wa pupa. Alisali huku akitafuta ndala zake. Alimeza magimbi bila kujua kama yana chumvi. Na mkono wake siku zote ulitangulia akili: alipiga kwanza, akauliza baadaye, na Semisi alikulia chini ya mkono huo. Mtu wa namna hiyo anachosha, mimi mwenyewe nilimkwepa miaka mingi.

Lakini asubuhi ile alikunywa kakao yake funda kwa funda, kama anayeijua kwa mara ya kwanza. Alitafuna shelisheli la kuchoma taratibu. Kisha akamtazama mkewe mpaka mkewe akaona haya.

"Mbona unaniangalia hivyo, baba Semisi?"

"Sijawahi kukuangalia."

Fetuao akaangua kilio. "Usiende! Semisi ndiyo hivyo tena. Nikikukosa na wewe, mimi nibaki na nani?"

"Niletee mkeka wa ukoo."

Akatoka uani. Akaokota mawe ya jana moja moja, akiupima uzito wa kila jiwe mkononi, akayatia kapuni.

"Hapo sawa!" Vaipuna akacheka. "Tukawarudishie mawe yao!"

Lotomau akaongeza kuni. Vaipuna alipoziona, kicheko kilimkauka na gongo likamponyoka. Kwetu mawe na kuni ni tanuri, na babu zetu hawakuoka nguruwe peke yake.

"Kaka, hapana. Si mpaka huko."

"Mpaka huko. Na ukinifuata, nitaanza na wewe."

Akapita katikati ya kijiji, kapu begani, mkeka kwapani, panga mkononi. Kina mama wakawavuta watoto ndani. Hakukimbia. Alitembea akiisikia kila kokoto chini ya nyayo zake, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kufika mahali bila kuhema.

Wanaume wa Mulitalo walimwona kwa mbali, wakasimama na mapanga yao. Mzee mwenyewe akatoka, macho mekundu, akawapungia mkono warudi nyuma. Huyu alimtaka peke yake.

Lotomau alisimama mbele yake. Akazipanga kuni chini, akaweka mawe juu yake, bila haraka. Kisha akapiga magoti. Akalilaza panga kwenye kokoto, mpini ukimwelekea Mulitalo, akajifunika mkeka kichwa na mabega, kama afanyavyo kwetu mtu anayejitoa.

Akasikia panga likiokotwa.

"Mwanangu alimuua mwanao bila kufikiri," akasema chini ya mkeka. "Wewe fikiri kwanza. Panga nimelinoa vizuri, halitakusumbua."