Uzi wa Kipanya

Usigeuze macho, nakuona. Kwako pia kompyuta hiyo ipo, na siku zote huiachi itulie.

Sheria mnaijua. Mfungwa hapati barua wala mgeni. Ila kompyuta ya nyumbani kwake ikikaa bila kuguswa, inajifunga, kisha uso wa mfungwa unajitokeza kwenye kioo, naye kule aliko anaiona sebule yake. Ukigusa kipanya tu, ametoweka, amebaki na ukuta wa seli.

Nyamizi alimwita fundi Bundala. "Mume wangu hatokei. Mashine imekufa."

Bundala akainama, akaona uzi umefungwa kutoka kwenye kipanya hadi kwenye feni ya mezani. Feni ikigeuka, kipanya kinasogea, na kompyuta haijifungi kamwe.

"Shemeji, mashine nzima hii. Nani kaifundisha kucheza ngoma?"

Nyamizi hakucheka. "Nikila ananitazama. Nikipaka hina ananitazama. Leo mama yake anakuja kumwona. Mwambie imekufa, fundi, nakuomba."

"Mumeo Shija alifungwa kwa kupinga mtaa huu kubomolewa. Nyumba yako na yangu zimo. Halafu nimdanganye mama yake?"

Akakata uzi. Wakangoja. Shija akajitokeza, amekonda, akaangaza macho sebuleni mpaka akamwona mkewe, akatabasamu kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani. Nyamizi akajifunika uso kwa khanga.

Na wewe unayesoma haya, mkono wako uko wapi? Uondoe kwenye kipanya. Sasa hivi. Mwache mfungwa wako atokee, na umtazame.