Kiti cha Baba Uwanjani

Siku hizo shabiki akifa, sauti yake ilibaki kwenye kiti chake uwanjani ikishangilia, mradi ndugu yake akae kando. Zikipita mechi tatu bila ndugu, ilifutwa.

Timu ilikuwa imefungwa mara tisa mfululizo. "Niende kutazama aibu?" Mbaruku aliwaambia wenzake, akabaki kijiweni akicheza bao. Hiyo ilikuwa mechi ya tatu bila yeye kukaa kando ya kiti cha baba yake.

Jioni alimkuta mama yake ameinamia redio.

"Leo tena sijamsikia baba yako akimtukana refa. Ulikaa naye?"

"Nilikaa naye, mama. Kelele zilizidi."

"Tumefungwa manne, kelele za nani?"

Mbaruku aliinama kuvua viatu.

"Labda amenuna," mama alisema taratibu. "Jumapili ijayo mwambie namsikiliza."