Shabu ya Kinyozi

Kijijini kwetu, kando ya Nile, siku ya harusi baba hunyolewa kwanza, kisha mwanawe kwenye kiti kilekile.

Kinyozi Shahata alifungua wembe mpya mbele ya macho yetu. "Kila kidevu na wembe wake! Homa ya ini haipiti hapa."

Baba anayo, ile aina ya C, inayoambukizwa kwa damu. Wembe ulimkata kidogo. Shahata akampaka shabu, lile jiwe lake la kukausha damu, damu ikakoma.

Zamu yangu, miguu ilikataa kutulia.

"Tulia, bwana harusi! Unatapatapa kama mbuzi wa Idi!"

Nikakatwa. Shabu ikanijia usoni, ukingoni ina mstari mwekundu, bado mbichi. Nikaudaka mkono wake.

"Na hiyo, hubadilishi?"

Akacheka. "Shabu? Hii hii ndiyo niliyompaka babu yako!"

Babu alikufa kwa homa ya ini.