Ukuta wa Chumba cha Baba

Mume wa Nenita alipanga mezani vipande vitatu: tofali la saruji, ubao wa jipsamu, na amakan, mkeka wa mianzi wa kujengea kuta. Nyumba mpya ilibakia kujengwa kuta za ndani tu, na Nenita ndiye wa kuchagua ukuta wa chumba cha baba yake.

Aligonga tofali kwa kifundo cha kidole. Kimya.

"Hilo hilo," mumewe akanong'ona. "Akikohoa humsikii. Lini umelala ukashiba usingizi?"

"Na akiniita?"

"Tumpe kengele."

"Kwa mikono ile inayotetemeka?"

"Haya, weka mkeka wako, tukeshe naye mpaka..."

Nyuma yao, upande wa pili wa ukuta, mtu akakohoa. Walikuwa wamesahau kwamba kuta za nyumba hii ya zamani ni mikeka mitupu.

"Wekeni tofali, wanangu," sauti ya baba ikaja, karibu kama yuko mezani. "Mlale."

Nenita akageuka. Pale mianzi ilipoachana, kidole cha mzee kilikuwa kimepenya, kikitetemeka.

Akainama, akakigusisha kwenye paji la uso wake, kama anavyofanya na mkono wa baba anapomwamkia kila jioni.

"Tofali lirudishe dukani," akamwambia mumewe, paji likiwa bado ukutani.