Shoti ya Gari Jeupe

Fyuzi ya tatu iliungua kabla Obedi hajatoa mkono chini ya dashibodi. Mzee mwenye koti akatikisa kichwa kama aliyeungua ni yeye.

"Si nilikwambia? Shoti iko kwenye redio. Ng'oa redio."

Obedi akang'oa redio. Angefanya nini, jamani? Asubuhi hiyo shemeji yake Masele, mlinzi wa kiwanda cha minofu ya samaki, alikuwa amempigia simu: bosi anakuja Mkolani leo, na gari lake binafsi, kumpima ufundi. Akiridhika, magari kumi na mawili ya kiwanda yatatengenezwa kwa Obedi. Kwa Obedi! Kwenye gereji ya kuta mbili na bati nne, ambako wateja huacha gari bovu na ahadi nzuri. Selina, mke wake, alikuwa keshaitangazia kwaya nzima.

Na bosi akaja kweli. Gari dogo jeupe, kuukuu, liliingia likisukumwa na vijana wanne wa bodaboda. Mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge alishika usukani. Mzee mwenye koti alitembea pembeni, kidole juu: "Kata kulia! Leta, leta! Hapo hapo, mwanangu, umefika!" Vijana wakaondoka, mzee akabaki. Hakungoja kukaribishwa. Alivuta kiti cha Obedi, akaketi, akakunja nne.

Obedi alimtambua bosi papo hapo. Nani mwingine angevaa koti kwenye jua la Mwanza?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, kazi ianze."

Kumuuliza jina? Thubutu! Kwetu mtu mzima hahojiwi kama mwizi wa kuku. Unamwamkia, unainama, unatenda ulichoambiwa.

Kusema kweli, Obedi aliijua hiyo shoti kabla hajafungua boneti. Kila ukiweka fyuzi inaungua na gari lote linakuwa kimya, basi kuna waya uliochubuka mahali ukagusa bodi. Wapi? Hata hilo mwanamke alikuwa ameshalisema, kwa sauti ya chini: "Ilianza siku tulipobeba masufuria ya msiba kwenye buti."

"Buti haina umeme, mwanangu," mzee alimkata.

"Samahani, mzee." Akarudi nyuma, mikono ameifumbata kama mgeni.

Obedi akampenda kwa adabu yake. Binti wa bosi, anamwendesha baba yake mwenyewe, wala hana maringo! Wengine wangekuwa wameshatukana watu.

Basi redio ikatoka. Shoti ipo. Mzee akasema ni swichi ya taa, swichi ikatoka. Akasema ni honi, maana gari za zamani anazijua yeye, na honi ikatoka. Ilipofika saa sita gari lilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa, na fyuzi za Obedi zilikuwa zimebaki mbili.

"Hapa hakuna chai?" mzee aliuliza.

Mwanamke akakimbia kuifuata chai na chapati ng'ambo ya barabara. Obedi akakimbia kutafuta stuli ya kuwekea kikombe. Walipopishana wakatazamana, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Mzee alinyoosha kidole tena, safari hii kwenye waya mkuu unaotoka kwenye betri. "Huo mnene ndio mchawi. Kata."

Obedi akapiga hesabu. Akiukata, gari la bosi linaweza kuwaka moto. Akikataa, magari kumi na mawili kwaheri, na Selina atawaambia nini wanakwaya? Alishika koleo, akamwomba Mungu. Mungu akajibu kwa chapati: mzee aliinamia sahani.

Obedi akachomoka mbio hadi nyuma. Akafungua buti, akafunua zulia, na huo hapo! Waya umechubuliwa, umelalia bati. Akauzungushia tepu, akarudi, akachomeka fyuzi. Haikuungua. Akawasha, injini ikanguruma.

"Mnaona?" mzee alisema, mdomo umejaa. "Nilijua tangu mwanzo ni nyuma. Nilikuwa nakupima tu."

Hasira ilimpanda Obedi hadi kooni. Akaimeza. "Kweli kabisa, mzee. Bila wewe ningepotea."

Mwanamke alikuwa anacheka kwa furaha. Akamsogelea mzee, akapiga goti kidogo.

"Asante sana, mzee. Mimi ndiye ninayesimamia magari ya kiwanda cha minofu. Masele alinisifia fundi wa hapa, lakini hakuniambia kwamba ana mwalimu. Kijana wako ni mwepesi, ila peke yake angeniunguzia gari. Basi yale magari kumi na mawili nitayaleta hapa kwako."

Koleo likamponyoka Obedi.

"Kwake? Mama, kwani huyu si baba yako?"

"Baba yangu yuko Sengerema na ng'ombe zake," mwanamke alisema, macho yamemtoka. "Huyu si mwenye gereji?"

Wote wawili wakamgeukia mzee. Alikohoa, akasogeza kiti kivulini, akaketi vizuri zaidi.

"Mimi ni mpita njia tu, wanangu, nilikuwa naelekea Buhongwa," alisema. "Sasa, mama, hayo magari utayaleta lini?"